Nani Anayeshika Pumzi ya Mtu: Mungu, Hiari na Historia ya Imani Rungwe

Februari 1897, katika kituo cha misheni chini ya Mlima Rungwe, mwanamke aitwaye Fiabarema alibatizwa na wamisionari Wamoravian. Hakuna aliyemtangulia kupokea ubatizo wa misheni hiyo katika nchi ya Wanyakyusa. Wamisionari walikuwa wamehubiri, wamejenga, wameugua na kuzikana kwa zaidi ya miaka mitano kabla ya siku hiyo. Akapewa jina jipya, Numwagile, ambalo kwa Kinyakyusa ni kusema "nimempata".

Waliombatiza walikuwa wamelelewa katika mafundisho yanayosema kinyume: Mungu ndiye anayetangulia kumtafuta mwanadamu, ndiye anayemwita, ndiye anayempata. Ukristo umelibishania jambo hili tangu mwanzoni mwa karne ya 5, Augustino wa Hippo alipokabiliana na Pelagio. Ikiwa Mungu anatawala kila kitu, hiari ya mwanadamu ina kazi gani? Na ikiwa mwanadamu anachagua mwenyewe, enzi ya Mungu inaishia wapi? Mabishano hayo yalipofika Rungwe hayakukuta uwanja mtupu. Yaliwakuta watu waliokuwa na swali lao la siku nyingi kuhusu nani anayeshika pumzi ya mtu, na imani iliyoota mizizi huko imebeba maswali yote mawili.

Msafiri Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 akaisifu sana nchi aliyoikuta, migomba yake, ng'ombe wake na nyumba zake nadhifu. Asichoweza kukiona mpita njia ni mpangilio wa mambo yasiyoonekana ulioishikilia nchi ile. Mapokeo ya Wanyakyusa yanasema watawala wao walishuka kutoka milima ya Ukinga, wakawaletea moto, chuma na ng'ombe watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Kati ya mashujaa hao wawili walikumbukwa kuliko wengine: Lwembe na Kyala.

Makao ya Lwembe yalikuwa Lubaga, msitu mtakatifu katika nchi ya Rungwe, na jina lake lilirithiwa na waliomfuata. Uzima wa mwili wake ulikuwa uzima wa nchi nzima. Akidhoofika, mvua na mazao navyo vingedhoofika, kwa hiyo hakuachwa afe kifo cha kawaida. Wazee walimziba pumzi kabla ugonjwa haujammaliza. Kyala yeye alihusishwa na Palikyala, pango la ufukweni karibu na Matema, mahali palipopelekwa sadaka za nchi.

Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu kuhusu ibada hizi. Jambo moja katika maandishi ya Monica linashangaza msomaji wa leo aliyezoea sala za Kikristo. Katika maombi ya zamani watu hawakumsihi Kyala akae nao. Walimsihi aondoke, awaache, aende kwa majirani. Kitu chenye nguvu nyingi kikisogea karibu kilileta tauni, njaa na vifo. Ukuu ulikuwa hatari, na amani ya watu ilikuwa katika umbali wake.

Je, Kyala huyo alikuwa Mungu Muumba au shujaa aliyetukuzwa? Wataalamu hawakukubaliana. D. R. Mackenzie, mmisionari Mskochi aliyeishi upande wa Karonga miongoni mwa Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa, alichapisha mwaka 1925 kitabu kilichoorodhesha majina kadhaa ya Mungu, kama Mbamba, Ndorombwike na Tenende, akaona ndani yake imani ya kale juu ya Mungu mmoja mwenye sifa nyingi. Monica Wilson alielekea upande mwingine: kwa maoni yake Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa, na kumwona kuwa Bwana wa mbingu na nchi kulitokana kwa sehemu kubwa na mahubiri ya wamisionari. Wote wawili walikuwa wakiwasikiliza wazee baada ya misheni kuwapo kwa miongo mingi, wakati ambapo kauli ya zamani na kauli mpya zilikuwa zimekwisha kuchanganyika vinywani mwa watu.

Lakini mtu wa kawaida hakuamka asubuhi akiwaza Lubaga au Palikyala. Hofu yake ya kila siku ilikuwa karibu zaidi. Mtoto akiugua, ng'ombe akikauka maziwa, mke akikosa mimba, swali lilikuwa: nani amekasirika? Pengine ni abasyuka, wazee waliokufa, waliokosewa katika mazishi au mahari. Pengine ni abalosi, wachawi. Au pengine ni mbepo, pumzi ya watu. Wanyakyusa waliamini kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu aliyekosa, kama aliyemdharau baba mkwe au aliyewanyima wenzake nyama, yalimfikia kama ubaridi mwilini na kumlaza kitandani. Wakuu wa vijiji, amafumu, na wenzao waliokuwa na uwezo wa kuona usiku, abamanga, walikuwa walinzi dhidi ya wachawi, na nguvu hiyohiyo ndiyo iliyowaadhibu wakosaji.

Huo ulikuwa mfumo wa haki. Ulimfanya tajiri awe mkarimu na kijana awe na adabu. Lakini ndani yake mtu hakuwa peke yake hata katika dhambi: kosa la baba lilimwangukia mtoto, na kupona kulihitaji ndugu wakutane, waseme yaliyo moyoni, wale pamoja. Mtu mmoja kusimama na kuamua hatima yake mbele ya Mungu lilikuwa wazo geni.

Wageni walioleta wazo hilo walifika mwaka 1891, na walifika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza lilitoka Herrnhut, Ujerumani: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Fedha za kazi yao zilitokana kwa sehemu na urithi wa Johann Daniel Crakau wa Breslau, aliyefariki mwaka 1887 na kuacha mali yake kwa Wamoravian itumike kwa ajili ya watumwa wa Afrika. Georg Martin alifariki mwaka huohuo wa 1891 huko Kararamuka, kabla kazi haijaanza kushika. Waliobaki walijenga kituo cha Rungwe.

Kundi la pili lilitumwa na Misheni ya Berlin, Walutheri, chini ya Alexander Merensky, mtu aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi huko Transvaal. Hao walianza Wangemannshöhe na kuendelea Manow. Misheni hizo mbili ziligawana nchi, Wamoravian upande wa magharibi na Waberlin upande wa mashariki.

Kila kundi lilikuja na historia yake juu ya enzi ya Mungu na hiari ya mtu.

Wamoravian walitokana na wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415. Kanisa lao lilihuishwa Herrnhut mwaka 1727 chini ya ulezi wa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na mwaka 1732 wakaanza kupeleka wamisionari kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas. Zinzendorf alifundisha kwamba mmisionari hatumwi kuligeuza taifa zima. Roho Mtakatifu amekwisha kutangulia kila mahali na kuandaa mioyo michache, kama ya Kornelio akida wa Kirumi katika Matendo ya Mitume. Kazi ya mhubiri ni kuwakusanya hao kama malimbuko.

Walikuwa pia na desturi iliyowatofautisha na Waprotestanti wengi: kupiga kura. Jambo zito likiwa mbele yao, la ndoa, la safari au la uongozi, waliomba kisha wakachota karatasi, na jibu lililotoka walilipokea kuwa mapenzi ya Bwana. Septemba 1741 huko London, walipotafuta wa kushika nafasi ya Mzee Mkuu, kura ziliwakataa watu wote waliotajwa, wakaelewa kwamba nafasi hiyo ni ya Yesu mwenyewe. Hadi leo Wamoravian hukumbuka 13 Novemba, siku tangazo hilo lilipofikishwa kwa makanisa yao. Matumizi rasmi ya kura yalifutwa na sinodi kuu ya mwaka 1889. Kwa maneno mengine, waliopanda Rungwe miaka miwili baadaye walikuwa kizazi kilichokua wakati kanisa lao bado likimwachia Mungu uamuzi kwa namna ya kushikika mkononi, na sasa walitakiwa kuamua kwa mashauri na busara.

Walutheri wa Berlin walikuwa na urithi mkali zaidi. Mwaka 1525 Martin Luther alimjibu Erasmus wa Rotterdam, mwanachuoni aliyetetea hiari, kwa kitabu kinachosema kwamba katika mambo ya wokovu utashi wa mwanadamu umefungwa. Mtu anaweza kuchagua nguo na chakula, lakini hawezi kwa nguvu zake kumgeukia Mungu. Neema ndiyo inayomfungua. Ni fundisho lililokusudiwa kuwapumzisha watu wenye hofu, kwa maana wokovu ulioko mikononi mwa Mungu hauyumbi kwa kuyumba kwa moyo wa mtu.

Mafundisho hayo mawili yaliposimama mbele ya Wanyakyusa yalipata kazi ambayo huko Wittenberg na Herrnhut hayakuwa nayo.

Kwanza lilikuwa suala la jina. Wamisionari walichagua Kyala kuwa jina la Mungu wa Biblia, na jina hilo limebaki katika Maandiko na nyimbo za Kinyakyusa. Uamuzi huo ulikuwa na ujasiri ndani yake. Yule ambaye watu walimsihi aende mbali sasa alihubiriwa kuwa amekuja kukaa, amezaliwa katika zizi, amekufa msalabani. Mhubiri hakuwa anawaambia tu kwamba Mungu yupo. Alikuwa anawaambia kwamba ujio wake hauui.

Pili lilikuwa suala la mahali pa kukaa. Vituo vya misheni, Rungwe, kisha Rutenganio, Ipyana na vingine, vilikuwa na ardhi na vijiji vyake. Aliyeamini mara nyingi alihama kutoka kijiji cha wenzake wa rika na kujenga nyumba kwenye kilima cha misheni, chini ya kanuni za wazee wa kanisa. Kwa Wanyakyusa, ambao vijana wa rika moja hujenga kijiji chao na kuzeeka pamoja, kuhama huko kulikuwa kukata uzi mzito. Huko ndiko hiari ilikokuwa na uzito wake: katika ng'ombe wa mahari wanaodaiwa, katika mama anayelia, katika sadaka ya ukoo ambayo mtu mmoja amekataa kuila na ambayo pasipo yeye, kwa mujibu wa wazee, ndugu wote wangeweza kuugua.

Waliokuja mapema wengi walikuwa watu waliofungwa na mambo mengine: wanawake waliokimbia ndoa, watu walioponyoka utumwani katika miaka ya vita na uvamizi wa wafanyabiashara wa watumwa kuzunguka Karonga. Huko Utengule, katika nchi ya Wasafwa, mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika maisha ya wanawake kama Narwimba na Chisi, waliouzwa, wakatekwa, wakatoroka, wakapokewa misheni. Mwanahistoria Marcia Wright, aliyezichambua simulizi hizo, ameonyesha jinsi wanawake hao walivyopima kila mlango uliofunguka mbele yao, wakitafuta ulinzi pale ulipopatikana. Ukisoma maisha yao kwa utulivu unaona mambo yote mawili kwa pamoja: mtu ambaye hakuchagua karibu chochote kilichompata, na mtu aliyechagua kwa akili nyingi kila alipopata nafasi.

Tatu, na hapo ndipo misheni ilipokwama, lilikuwa suala la ndoa. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Wakuu wengi waliosikiliza mahubiri kwa heshima walirudi nyuma hapo. Wahubiri waliliona kuwa jaribu la utashi. Wenye wake wengi waliliona kuwa dhuluma kwa wanawake ambao wangeachwa na watoto wao, na hoja yao ilikuwa na nguvu ambayo kanisa halikuijibu vizuri.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland, Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa, na vituo vikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika. Waskochi wa misheni ya Livingstonia, huko Nyasaland, walipewa ulezi wa makanisa hayo mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Hivyo Rungwe ikapata mkondo wa tatu. Waskochi walikuwa Wakalvini, na Ungamo la Westminster la karne ya 17 linasema waziwazi kwamba Mungu ameamuru tangu milele wale watakaookolewa. Lakini walikuwa Wakalvini wa aina mpya: mwaka 1892 kanisa lao la Free Church lilitoa tamko lililolegeza fundisho hilo na kusisitiza kwamba Mungu anawapenda wanadamu wote na kila anayesikia injili anawajibika kwa jibu lake.

Waumini wa Rungwe hawakuachwa wakiyachambua maungamo hayo. Walichokipata katika miaka ile ni kitu kikubwa zaidi: kuongoza wenyewe. Mzee wa kanisa aliyewatembelea wagonjwa mwaka 1918 hakuwa na mmisionari wa karibu wa kumuuliza. Alipoketi kando ya kitanda, ndugu wakamweleza kwamba mgonjwa amepigwa na pumzi ya watu, alitakiwa kujibu kwa kinywa chake nani anatawala.

Jibu lake, na la wenzake, linaonekana katika maandishi ya akina Wilson ya miaka ya 1930, yaliyokusanywa kwa msaada wa Wanyakyusa kama karani wao Leonard Mwaisumo. Wakristo wengi waliendelea kuamini kwamba wachawi wapo. Kilichobadilika ni nafasi ya uchawi. Mkristo alisema Kyala ni mkuu kuliko hao, kwamba mchawi hawezi kufanya kitu Mungu asipomwachia, na kwamba maradhi yanaweza kuwa adhabu, jaribu, au jambo la mwili tu. Upande wa pili alisimama mtu kama Kasitile, mganga wa mvua aliyekuwa rafiki na mwalimu mkuu wa Godfrey Wilson, ambaye alijua kazi yake ya kuiombea nchi na pia aliogopa hasira ya makuhani wenzake. Katika nyumba nyingi imani zote mbili zililala chini ya paa moja.

Katika kipindi hicho waliibuka pia Wakristo waliotaka kuchagua kanisa lenyewe. African National Church, lililoanzishwa Nyasaland na wasomi waliotofautiana na misheni, lilivuka mpaka na kuingia Rungwe, likiwapokea wenye wake wengi. Humo mtu aliweza kumkubali Kristo na kuikataa sheria ya mmisionari kwa wakati mmoja. Ulikuwa uamuzi wa hiari ambao wamisionari hawakuutarajia, na uliwalazimisha wenzao waliobaki katika misheni nao waseme kwa nini wamebaki.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo Fiwombe Malakilindu, ambaye Oskar Gemuseus na Joseph Busse, wamisionari waliofanya kazi katika nchi hiyo, walimwandikia wasifu uliochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1950. Kichwa cha kitabu hicho kinamwita mfungwa wa Yesu Kristo, kwa mfano wa Mtume Paulo. Ukiliweka jina hilo kando ya Numwagile wa 1897 unapata ncha mbili za imani ya Rungwe: mwanamke anayesema amempata, na mwanamume anayeelezwa kuwa amefungwa. Kanisa liliwaheshimu wote wawili na halikuwalazimisha kupatana.

Majina ya watoto yanaonyesha upande ulioelemea zaidi. Katika familia za Wanyakyusa hadi leo utawakuta Ambokile, Mungu ameniokoa, Atupele, ametupa, Asajile, amebariki, Gwakisa, wa rehema. Mtendaji katika majina hayo ni Mungu, na mtoto ndiye anayepokea. Katika nchi ambayo zamani kila jambo lilitafutiwa mtu aliyekasirika, wazazi wanaomwita mtoto wao Atupele wanatangaza kwamba uhai wake haukutokana na huruma ya majirani wala hauko chini ya ghadhabu yao.

Hapo ndipo historia ya Rungwe inapochangia kitu katika mabishano ya kale. Huko Ulaya enzi ya Mungu na hiari ya mtu vimezungumzwa mara nyingi kama vitu vinavyonyang'anyana nafasi: Mungu akipewa zaidi, mtu anabaki na kidogo. Kwa wengi waliopanda kilima cha misheni mambo yalikwenda kinyume. Kumwamini Kyala kuwa mtawala wa yote ndiko kulikowapa uwezo wa kuondoka kwa baba, kukataa sadaka, kulea mtoto mgonjwa bila kumtafuta adui. Mungu asiyeweza kushindwa na pumzi ya watu alimfanya mtu awe huru mbele ya watu hao. Monica Wilson aliporudi Rungwe mwaka 1955 alilikuta kanisa lililokwisha kuwa sehemu ya nchi.

Mwaka 1963 Walutheri wa eneo hili waliingia katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Tukuyu ikawa kitovu cha Dayosisi ya Konde. Wamoravian wa Jimbo la Kusini wameendelea kuongozwa kutoka Rungwe. Makanisa yamejenga hospitali, Igogwe kwa Wakatoliki, Itete na Matema kwa Walutheri, Isoko kwa Wamoravian, na humo wodini swali la nani anatawala maradhi limepata msikilizaji mwingine, daktari.

Nayo makanisa ya Kipentekoste, yaliyoenea sana katika Nyanda za Juu Kusini, yamelifungua swali la hiari upya. Mhubiri wao humtaka kila msikilizaji aamue leo, mbele ya wote, na humfundisha kwamba imani yake ina sehemu katika uponyaji wake. Mlutheri wa Tukuyu huona hatari hapo: asiyepona ataambiwa hakuamini vya kutosha, na mzigo wa pumzi ya watu utarudi kwake kwa jina jipya. Mpentekoste humjibu kwamba Mungu aliyekuja karibu anapaswa kuombwa kama aliye karibu, na kwamba kumwachia yote bila kuomba kwa bidii ni kumrudisha pangoni. Wazee wa makanisa haya hukutana misibani, huketi benchi moja, na mara nyingi ni ndugu wa ukoo mmoja. Maswali yao ni ya kweli, na wala Walutheri wala Wapentekoste hawajawa tayari kuyaacha.